Eti Nimemteka Mtoto wa Melissa

Caro uko? Nimeitwa mtekaji nyara. Mimi Akinyi! Na polisi mlangoni!

Unamjua Melissa wa kwaya. Leo Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, asubuhi baada ya misa kanipa Arnold wake, "Nishikie kidogo." KIDOGO! Kanisa likafungwa, nikimpigia naambiwa mteja hapatikani. Nikambeba mtoto hadi kwangu mtaa wa Najma, nikampa ugali, akalala.

Magharibi mlango unagongwa. Melissa analia kama yuko matangani, polisi yuko nyuma yake, na Shaun, yule kakake wa IT, ameshika simu ananisomea sheria. Ananisomea, Caro! Eti kuteka mtoto ni kosa la daraja la kwanza, ni kifungo cha maisha, lakini nikimwachilia kwa hiari mahali salama litashuka hadi la pili. Nimwachilie! Arnold alikuwa kwa kochi langu akila ndizi.

Usicheke. Niliona kazi ya hospitali imeenda, visa imeenda.

Polisi akamuuliza Shaun, "Hiyo ni sheria ya wapi?"

Akachungulia simu. Texas. TEXAS, Caro! Na tuko Doha!

Polisi akamgeukia Melissa. "Mtoto ulimwona mwisho lini?"

"Asubuhi, kanisani."

"Na ukagundua hayupo saa ngapi?"

Akakiri: magharibi hii. Alikuwa mall na wenzake, simu imeisha chaji.

Wewe na Shaun bado mnaongea. Niulizie: kumsahau mtoto kutoka asubuhi hadi magharibi, huko Texas ni daraja la ngapi?