Ko, Ko Nyuma ya Sauti Yako

Mama yangu,

Shikamoo. Mjukuu wako ameota jino la pili, na analijaribia begani kwangu.

Ule muziki ninaoupanga kwenye kompyuta akishalala, wenye dramu za mbio na sauti laini juu yake, ulikuwa umenigomea. Dramu zilikuwa kavu, hazina pumzi. Kumbe dawa ilikuwa kwenye salamu ulizomrekodia mjukuu wako. Nyuma ya sauti yako kulikuwa na mlio, ko, ko. Nikaukata, nikaupachika katikati ya dramu, wimbo ukatembea. Nikajisifu.

Jana dada akausikiliza. "Umeitia na fimbo ya mama?"

"Fimbo gani?"

"Anayotembelea tangu aanguke. Si wewe ndiye mwenye masikio?"

Mama, nimeurudia mlio ule kutwa, na hata mara moja sikujiuliza ni nini kinachogonga. Simu nimeshindwa kupiga. Uso nitauweka wapi?

Najua ulimkataza asiniambie. Hilo tutagombana ana kwa ana. Jumamosi tunakuja, na usiniambie nisije. Mlango uache wazi, usinyanyuke kunipokea.

Ni mimi,
kitindamimba wako