Kindege cha Baba Neema na betri ya pikapu

Jumapili jioni, Maisaka, Babati. Mvua imegoma wiki nzima, na upepo wa mlima Kwaraa umetulia tangu mchana. Mikono imenichoka. Sina furaha wala huzuni, ila nina mambo ya kuandika.

Kwanza, redio kaseti yangu. Imekufa, na aliyeiua ni mume wangu, Baba Neema. Nilipewa na shangazi nilipomaliza chuo cha ualimu. Siku aliyoiua nilitoka kwenye foleni ya sukari, sukari yenyewe sikupata, nikamkuta ameifungua juu ya meza, mota yake iko kiganjani. Hakuniomba. Tangu arudi kutoka vita vya Uganda na mguu mmoja, Baba Neema haombi kitu kwa mtu yeyote.

Nilinuna. Lakini mtu asiyezungumza ukimnunia unajinunia mwenyewe, kwa hiyo nikaacha.

Jeshini alikuwa fundi wa ndege. Huko mkufunzi mmoja aliwafundisha kurusha vindege vya mfano, vile vinavyofungwa nyaya mbili. Rubani anakaa katikati na mpini mkononi, kindege kinamzunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Akivuta waya mmoja kinapanda, akivuta wa pili kinashuka. Alirudi na injini yake moja, ndogo kama kiberiti. Inakunywa mafuta ya nyonyo, ambayo kila bibi hapa anayo, pamoja na spiriti maalumu, ambayo kwa hali hii ya nchi sijui nani anayo. Basi injini imekaa dirishani, naye amekaa uani. Hatoki getini. Kanisani haendi. Wageni wakipiga hodi anaingia chumbani, mimi nabaki kusema amelala.

Niandike wazi: nilikuwa nimeamua kuondoka.

Nilimwita kaka yangu Bura kutoka Mbulu aje atuchukue, mimi na Neema. Alifika jana na lori la mahindi, na linarudi kesho asubuhi. Baba Neema anajua shemeji yake amekuja kusalimia tu. Kilichokuwa kimenishika hapa muda wote huu ni kwamba hawezi kuishi peke yake. Nimeishi na sababu hiyo mpaka imenichosha kuliko kuchota maji. Hata nikimpakulia chakula najiona muuguzi.

Wakati mimi napanga hayo, yeye alikuwa na mota yangu, anaunda kindege cha umeme kisichohitaji spiriti.

Alianza kwa kukibebesha betri za tochi. Kindege kikawa kizito hata kusogea hakisogei. Akafikiri, kwa siku nyingi, halafu akaamua umeme ubaki chini: betri kubwa iwe katikati, na zile nyaya mbili za kuongozea ndizo zipeleke moto kwenye mota. Nyaya alizifumua kwenye dinamo iliyoungua. Mara ya kwanza alizikata ndefu mno, umeme wa betri za tochi ukaishia njiani, pangaboi ikazunguka kivivu. Akazifupisha. Akapunguza na kindege chenyewe: mwili wa bua la alizeti, mabawa ya karatasi ya mfuko wa saruji, magurudumu akayang'oa.

Akabaki na tatizo la kuzunguka. Rubani lazima ageuke pamoja na kindege, na betri ikiwa chini nyaya zinamviringisha kama kuku wa sokoni. Mwenye miguu miwili angefunga betri mgongoni. Yeye alichukua beringi ya tela bovu, akaisimika kwenye gogo, juu yake akapigilia ubao. Anakaa yeye, betri nyuma yake, anajisukuma kwa mguu wake mmoja. Vinageuka vyote pamoja.

Tatizo la mwisho lilikuwa uwanja. Uani kwetu kuna jiko, kuna mipapai miwili, kuna kamba ya nguo. Duara halienei. Na betri kubwa hana.

Leo baada ya ibada nilikuwa nachambua maharage nikasikia geti. Baba Neema alikuwa nje, kwa magongo yake, ameelekea kwa jirani, Baba Aloyce, ambaye pikapu yake imesimama juu ya mawe kwa kukosa matairi. Betri yake huitumia kusikilizia taarifa ya habari. Mama yangu husema mficha uchi hazai. Sikusikia aliombaje, ila nilisikia Baba Aloyce akisema, "Chukua tu, habari zenyewe ni zile zile." Kisha mume wangu akarudi, akamtazama Bura.

"Shemeji, nibebee betri."

Basi Bura, aliyekuja kunitoa hapa, akaitwika betri mpaka uwanja wa shule. Nami nikabeba gogo.

Watu walitufuata wakiwa na nguo zao za kanisani. Wengine hawakuwa wamemwona tangu aondoke kwenda vitani, wakamsalimia kwa sauti ya chini ya msibani. Akakaa kwenye ubao. Mimi nikapewa kazi ya kushika kindege na kukiachia. Akaunganisha waya. Pangaboi ikavuma vizuri sana, nikaachia, kindege kikarudi nyuma kikanipiga tumboni. Alikuwa amegeuza chanya na hasi. Watu wakacheka, na mwanamke mmoja akasema hiyo ndege ni ya Babati kweli, haitaki kwenda mbele.

Nikamtazama. Nilijua angeingia ndani, ila pale uwanjani hakuna ndani.

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba jino lake la pembeni limevunjika.

Akabadilisha nyaya. Nikaachia tena, na safari hii kikaenda. Kilikwaruza majani, kikanyanyuka hadi magotini, hadi kifuani kwa watu, kikapanda usawa wa kofia, na yeye katikati anajisukuma kwa mguu wake, uso umemtoka jasho. Watoto walikuwa wakihesabu mizunguko kwa sauti, wakapoteza hesabu. Kisha kikajipigiza chini, pangaboi ikavunjika. Hakusikitika. Alianza kuuliza watu nani ana kopo la plastiki gumu, nani anajua kuchonga, nani ana waya mnene kuliko ule. Aliomba mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Hakunitazama hata mara moja. Niliondoka kwenda kupika, na sidhani aliona.

Wamerudi giza likianza, yeye, Bura na Baba Aloyce, wanabishana juu ya waya. Amekula, ameuliza chumvi iko wapi, ameinuka kuichukua mwenyewe.

Bura amenifuata jikoni. Anasema mambo yamekuwa mepesi: hata nikienda, shemeji ataweza. Watu wamemzunguka sasa. Nimemwambia ni kweli, ataweza.

"Basi funga mizigo."

Nimemwambia mizigo ilishafungwa tangu juzi, na sasa naenda kuifungua. Ameniuliza nina wazimu gani, kukaa tena na mtu asiyenifaa hata kwa salamu, ambaye nilibaki naye kwa kumhurumia tu, na sasa hata huruma haihitaji.

Huruma ndiyo iliyokuwa inanitoa, kaka, nimemjibu. Leo sikumhurumia hata kidogo. Nilimkasirikia, kwa kuwa hakunitazama, kama mke anavyomkasirikia mumewe.

Lori linaondoka asubuhi. Bura atapanda peke yake.