Kikohozi Changu Kwenye Obokano ya Kaka

Jumapili, Gesima. Mvua imekataa kukatika tangu asubuhi, majani chai yameinama, na mimi nimekosa mtu wa kumpigia hadithi.

Wanaonijua wanajua nimeona mengi. Radi iliwahi kunipiga kule Nyakoe, ikaomba msamaha. Lakini leo mdomo umenikauka.

Kemunto, binti ya marehemu kaka yangu Ombati, anatengeneza kompyuta Kisii mjini. Ameniletea moja kuukuu, isiyo na nguvu ya kufungua kitu chenye picha. Skrini nyeusi tititi. Unaandika amri mstari mmoja, unabonyeza enta, na muziki wa dunia unakuja bure, bila tangazo. Kuzima ni herufi q. Nikaamuru rumba, ikaja. Nikaamuru kwaya, ikaja. Mimi wa darasa la sita, dunia inanitii!

"Sasa baba mdogo," Kemunto akasema, "tuitafute ile obokano yako. Ile unayosema mgeni alikurekodi ukipiga, ng'ombe wakaacha kula."

Miaka yote nimejisifia hiyo obokano, zeze letu la nyuzi nane. Nikamwambia haiwezi kuwa huko. Alikuwa ameshaandika.

Ikaja. Sebule nzima ikanguruma.

"Weh! Kumbe hukuwa unadanganya!"

Kidole changu kilikuwa juu ya q.

Maana mwishoni mpigaji hujitaja jina, na siku ile mpigaji hakuwa mimi. Kaka alifariki Kemunto akiwa bado anabebwa mgongoni. Hajawahi kusikia sauti ya baba yake.

Ningebonyeza, ningebaki shujaa.

Nikaondoa kidole.

"Mimi ni Ombati," sauti ikasema kwa Kikisii, changa, hai kabisa, kama mtu aliye jikoni. "Na huyu anayekohoa ni ndugu yangu mdogo. Msameheni, ana maneno mengi kuliko mapafu."

Kemunto hakuniangalia. Aliirudia ile amri, enta. Akairudia tena, machozi yakidondokea vitufe. Mara ya tano akanigusa bega.

"Baba mdogo, jitayarishe. Unakaribia kukohoa."

Kesho nitawaambia ukweli wote wale niliowadanganya. Nianzie wapi, na ni soko zima?

Lakini kile kikohozi, jamani, nilikikohoa vizuri.