Breki ya Mkono wa Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tulinagwe Zebedayo. Umri: miaka 34. Kabila: Mnyakyusa. Dini: Mkristo. Kazi: kuuza samaki, Mbugani. Makazi: Ndandalo, Kyela.
Yameandikwa kituoni tarehe 14/04/2025, saa 3:20 asubuhi.

Mimi ndiye mke wa Gwamaka, fundi baiskeli, mliyemweka mahabusu tangu juzi kwa madai kwamba alinipiga. Nimekuja na mdomo huu huu wenye nyuzi niseme kwamba hakunipiga. Najua afande umeshasikia wanawake wengi wakisema walianguka. Mimi si wa kuficha. Gwamaka angenigusa, Ndandalo nzima ingenisikia kabla yenu.

Mwezi uliopita mgeni mmoja aliyekuja kuendesha baiskeli milimani alimwachia mume wangu baiskeli yake kama shukrani. Ina shokapu mbele na nyuma, matairi manene, na usukani mpana unaogonga migomba ya pande zote mbili. Nikaitaka mimi, maana masika njia yetu ni mashimo matupu na baiskeli yangu ya zamani imenimaliza kiuno.

Lakini jamani, ile si baiskeli niliyoizoea. Ukikaa inadidimia. Ukikanyaga inanesa kama godoro. Mwanzoni nilikuwa nashuka kutazama kama tairi limeisha upepo, kumbe ndivyo ilivyo. Kubwa zaidi ni breki. Za ile ya zamani unazikamata kwa vidole vyote mpaka mkono unakufa ganzi, nayo inaendelea na safari zake. Hizi unazigusa kwa kidole kimoja. Tena zimegeuzwa: ya mbele iko mkono wa kushoto, ambako mimi nimezoea ya nyuma.

Kila jioni Gwamaka alinifundisha karibu na nyumba. Akiogopa hupaza sauti, ndivyo alivyo. "Usikamate! Nimekwambia gusa tu!" Jirani yetu Prisca, aliyewaletea taarifa, alikuwa akiyasikia maneno hayo akiwa kwake. Simlaumu. Alisikia sauti, baiskeli hakuiona.

Mnamo tarehe 12/04/2025, kama saa 11 jioni, nilikuwa nateremka njia ya shambani kuelekea nyumbani, kwa kasi kidogo. Gwamaka alikuwa nyuma kwa miguu. Kwenye kona akatokea baba mkwe wangu, amebeba gunia la kokoa begani.

Hapa afande niandikie vizuri, maana umesema wewe si mtu wa huku. Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Tunaita ukutila. Siku hizi wengi wameacha, wanasalimiana hata kanisani, ila familia ya mume wangu haijaacha. Nikimwona najifunika kanga usoni na kutoka njiani. Kwenye baiskeli ya zamani nimefanya hivyo tangu niolewe: mkono wa kulia unavuta kanga, wa kushoto unabana breki kwa nguvu zote, naingia majanini. Sijawahi kuanguka.

Basi mikono haikuniuliza. Wa kulia ulikwenda kwenye kanga, wa kushoto ukabana. Nilimsikia Gwamaka nyuma akipiga kelele, "Usikamate!" Gurudumu la mbele likasimama palepale, shokapu ikazama, nikapita juu ya usukani nikiwa sioni kitu. Niliangukia mkono wa kulia, mdomo ukapiga jiwe.

Baba mkwe hakunishika. Hawezi kunishika. Nilisikia gunia likitua chini, kisha sauti yake ikielekea upande wa pili: "Gwamaka, kimbia! Mtu wako anakufa hapa!" Alibaki amenipa mgongo mpaka mume wangu alipofika, ndipo akaondoka ili niweze kufunuliwa uso. Prisca alipokuja alimkuta Gwamaka peke yake, ana damu yangu mikononi. Hospitalini mdomo ulikuwa umevimba, nikashindwa kujibu. Wakamkamata.

Tangu hapo silali. Naogopa mtampeleka mahakamani kwa sababu ya sauti yake kubwa tu, na watoto wanamuulizia.

Nimeulizwa aliyeona ni nani. Nimesema baba mkwe. Nimeambiwa nitaje jina, vinginevyo ni neno langu peke yake. Jina hilo mimi silitamki, nalo ni ukutila. Mtoto wa jirani analo jina hilo hilo, namwita "kadogo" mpaka leo. Nimeomba niliandike, lakini mkono wa kulia ndio huu umefungwa plasta. Afande amenisubiri, namwambia ndaga, asante.

Anaitwa Angetile. Haya, nimesema. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe.

Nimesomewa maneno yangu yote, ndiyo hayo, sina la kupunguza.

Sahihi: dole gumba, mkono wa kushoto.

Maelezo ya afande: Mimi Koplo Naomi nimeyaandika haya kama yalivyosemwa. Shahidi alipotamka jina hilo alijifunika kanga usoni. Dirisha lilikuwa wazi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje tangu asubuhi, akiupa mlango mgongo, aliitika, "Naam." Nilipomwita aingie aliingia kinyumenyume, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Aliomba maelezo yake yaandikwe akiwa amesimama hivyo hivyo, nikamruhusu.