Tulivyolirudisha Lori la Maji

Kambi ya Dooyow,
Baidoa.
9 Machi 2022.

Mpendwa mdogo wangu Abshiro,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kazini, umepoa? Sisi tuna afya, ila tumekonda na midomo imepasuka kwa vumbi. Mama ni mzima. Anasema ulipopiga simu mara ya mwisho sauti yako ilikuwa na mafua, ujifunike vizuri.

Umesikia kwa watu kwamba nimezusha vurugu kambini. Ni kweli. Sasa nisikilize mimi mwenyewe.

Tangu tukimbie Dinsor, ng'ombe wa mwisho alipokufa, maji yetu huletwa na lori la shirika la misaada. Tatizo lilikuwa tangi. Lilijengwa ndani ya ua wa Gedow, anayejiita mkubwa wa kambi kwa kuwa ardhi ni ya ukoo wake. Lori likishamwaga, geti linafungwa. Wanaanza kuchota mafundi wake wa matofali, sisi tunaambulia matope ya chini. Maji yetu yalikuwa yanageuka kuta za nyumba za watu mjini.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani yangu Habibo alikufa kwa kuhara, mama yake akiwa kwenye foleni nje ya geti lile. Hata maji ya kumwoshea tulimwomba Gedow. Tuliporudi makaburini, Habibo alinishika mkono.

"Adey, mimi silii tena. Niambie tunafanya nini."

Jumatatu iliyofuata, lori lilipotokea, wanawake karibu mia mbili tulikuwa tumeziba njia kwa madumu matupu.

"Tujazie hapa hapa," nilimwambia dereva.

"Dada, mimi nimeagizwa nimwage kwenye tangi."

"Basi yarudishe."

"Niyarudishe maji? Jua limewapanda kichwani nyie?"

Gedow alitoka akicheka. "Waache! Kesho watakuja wanatambaa."

"Tukitambaa tutakung'ata miguu!" Habibo alimjibu, na wanawake wakaangua kicheko.

Lori liligeuza. Abshiro, nilisikia maji yakicheza ndani yake, na nusura nilikimbilie.

Tulikuwa tumeweka akiba mapipa mawili ya watoto na wagonjwa. Mama alikataa kuhesabiwa mgonjwa. Kesho yake adhuhuri, Gedow akamtuma mkewe na dumu zima, eti la bibi. Sitakuficha, moyoni niliomba Mama alipokee. Ulimi wake ulikuwa umekauka, hata kuzungumza alizungumza kwa shida.

"Asante kwa kubeba mzigo, mwanangu," alimwambia yule mwanamke. "Wape watoto hao hapo nje, halafu dumu mrudishie mumeo. Mwambie sijambo."

Siku ya tatu alikuja Saredo, afisa wa shirika. Sikumkaribisha kivulini. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye tanuri la Gedow, matofali mabichi yamepangwa safu kwa safu, bado yanachuruzika maji ya tangi. Aligusa moja, akakitazama kidole chake kilicholowa.

"Tukihamisha tangi, ufunguo atashika nani?"

"Sisi."

"Na mkigombana?"

"Tutagombana tukiwa tumekunywa."

Sasa tangi liko katikati ya kambi. Wanawake watano tunapokezana ufunguo. Wajawazito na vilema huchota kwanza, na fundi wa matofali akitaka maji apange foleni na sisi, dumu moja kama kila mtu.

Gedow hakulala. Wiki iliyopita alituma vijana wakabomoa kibanda chetu, wakaniambia nihame na Mama. Kwa hiyo ile habari yako ya kututafutia chumba Mogadishu, ahsante sana, lakini hapana. Nikiondoka leo, kesho tangi linarudi uani kwake.

Msalimie shemeji, na Isnino na Madey wangu, waambie shangazi yao bado ana nguvu. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu awalinde huko ugenini, nasi atujalie mvua kabla ya Ramadhani.

Na mtu akija huku, umpe mzigo wetu bila wasiwasi, hatapotea. Afuate foleni ya maji. Kibanda kilichosimama ubavuni mwa tangi ndicho chetu. Wanawake walikijenga upya jioni ile ile, na mahali nilichagua mimi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, wala sing'oki,
Adey