Nyongeza ya Mteja Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Dokta Oswald, msimamizi wangu chuoni, kanirudishia mada tena. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili, jogoo anawika nyuma yake. Eti mada yangu ya bei ya mawese hapa mtaani kwetu Kasingirima haina kitu, kwa sababu bei ya kopo ni moja kwa wauzaji wote, wiki nzima, mwezi mzima. Anauliza: kitu kisichobadilika nitakipimaje?

Nimetoka Dodoma na begi la vitabu vya uchumi, nimemtangazia kila mtu Ujiji kwamba nimekuja kufanya utafiti. Mwaka wa tatu bila utafiti hakuna digrii. Rasimu anaitaka tarehe 5 Septemba.

Bibi kaniona nimenuna. Kaniuliza, somo, nani kakuudhi? Haniiti Mwanvua hata siku moja, maana Mwanvua ni yeye. Nikamwambia ni mwalimu wangu. Akasema huyo mwalimu aje anywe chai hapa, tutaelewana naye.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda na Bibi barazani, anapouzia mawese. Asubuhi mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, tukayasogeza karibu na jiko. Baadaye wateja wakaanza kuja na chupa zao. Bibi anapima kopo, anamimina, anapokea hela. Halafu anachukua ule upawa wake wa kifuu, anachota tena, anaongeza. Hasemi kitu. Mteja naye hasemi kitu, anafunga chupa yake anaondoka.

Nimeliona jambo hili tangu nikiwa natambaa. Leo ndiyo nimeliona!

Maana si sawa kwa wote. Yule kijana asiyesalimia kapata matone. Mama mwenye msiba wa juzi kapata upawa mbili. Bei ni ile ile, lakini mafuta waliyoondoka nayo si yale yale. Bei halisi inabadilika kila mteja, imejificha kwenye upawa. Nikamuuliza Bibi anajuaje amwongeze nani kiasi gani. Akasema, najua tu. Nikamuuliza tena. Akaniambia nikakoroge maharage.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimenunua bomba la sindano pale duka la dawa, lisilo na sindano. Nimepima upawa wa Bibi akiwa anaswali. Ukijaa ni mililita arobaini. Nimeandika kwenye daftari la utafiti: wateja kumi na wanane, jina, siku, upawa ngapi. Majina nitayatoa baadaye niweke namba. Nikikaa karibu na dumu najifanya nachezea simu.

Sijamwambia Bibi. Akijua, mkono wake utabadilika, na data zitaharibika. Hilo limo hata kwenye vitabu.

Nina furaha ya ajabu.

Jumatano, 13 Agosti

Kila kitu kinaelezeka. Mteja wa muda mrefu anapata zaidi. Mfiwa anapata zaidi. Mjamzito anapata zaidi. Honorata fundi cherehani, anayelalamika bei kila akija, anapata nusu upawa, hakuna siku imezidi. Miaka kumi na tano ni mteja!

Anayenisumbua ni namba saba, Bi Concilie wa Rusimbi. Huja Jumatano na Jumamosi, kopo moja. Anapata upawa tatu na nusu, mara nyingine nne. Si mfiwa, si ndugu, ananunua kidogo. Leo hata kusema hawakusema sana. Bi Concilie kaniuliza masomo yanaendaje, kanishika shavu kwa ile mikono yake inayonuka moshi, akasema kwa Kirundi, yego, mwana wanje, ndiyo mwanangu, soma. Bibi akachota, akachota, akachota. Kwenye safu ya maelezo nimeandika: haielezeki.

Najua aliwahi kuninyonyesha mama alipofariki. Siku mbili tatu, nadhani. Wengi walisaidia.

Jumapili, 17 Agosti

Nimemtumia Dokta jedwali. Kapiga simu mwenyewe! Anasema huu ndio utafiti, hajaona mwanafunzi kaja na kitu kama hiki, tena anataka tuandike makala pamoja. Kisha akauliza, huyu namba saba ni nani? Anavuruga mstari wote wa grafu. Ama nimweleze, ama nimfute.

Nimelala nacheka peke yangu. Mchumi.

Jumatano, 20 Agosti

Natamani ardhi inimeze.

Nilikwenda kuchota maji. Daftari nililiacha barazani, juu ya kigoda. Narudi, nakuta Honorata kalishika, kavaa miwani ya kushonea, anawasomea watu. Walikuwa watano sita na chupa zao. Anasoma jina, anasoma upawa. Kafika kwake. Akarudia mara mbili, nusu, nusu. Akamuuliza Bibi taratibu kabisa: mimi nusu, Bi Mwanvua? Miaka yote hii?

Bibi hakujua hata kinachosomwa ni nini. Alikuwa kaushika upawa hewani.

Kisha Honorata akasoma, Concilie, tatu na nusu, nne, nne. Na Bi Concilie alikuwa pale pale, nyuma ya wenzake, kashika chupa yake. Watu wakageuka kumtazama. Akaweka hela kwenye meza, akachukua kopo lake moja, akafunga chupa kabla Bibi hajaongeza. Akaondoka. Bibi akamwita. Hakugeuka.

Nimeomba msamaha mara tatu. Bibi ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

Alhamisi, 21 Agosti

Hakuna nyongeza. Kopo, hela, kwaheri. Upawa kauweka ndani. Wateja wanasubiri kidogo, wanaona hakuna kitu, wanaondoka.

Bibi kaniita “mwanafunzi”. Mwanafunzi, sogeza dumu. Nimekwenda chooni kulia.

Jumamosi, 23 Agosti

Bi Concilie hakuja.

Honorata kaja, kanunua, hakulalamika bei. Alikuwa na aibu kuliko mimi. Alipoondoka Bibi akasema, kama anaongea na dumu: yule kila nikimwongezea husema mbona kidogo, sasa nitamwongezea nini? Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 27 Agosti

Hakuja tena. Bibi alikaa barazani mpaka adhana ya magharibi, na mawese yalikwisha tangu saa nane.

Wakati tunakula akaniuliza: kwenye lile daftari, mbele ya Concilie uliandika nini? Nikamwambia, niliandika haielezeki. Akaacha kula.

Nayaandika aliyosema kabla hayajanitoka. Mama alifariki nikiwa na siku sita. Baba alikuwa Mpanda kikazi, na Bibi maziwa yake yalikauka zamani. Maziwa ya kopo niliyatapika. Concilie alikuwa jirani yetu wakati huo, hana miaka mitatu tangu aingie kutoka Burundi, na mtoto wake Armelle alikuwa na miezi minne. Akaja siku ya tatu ya msiba, akanichukua mikononi mwa watu bila kuuliza mtu.

Nikasema, siku mbili tatu, si ndiyo? Bibi akanitazama. Akasema, miezi kumi na moja. Asubuhi, mchana, usiku. Alikuwa mwembamba, maziwa hayakutosha wawili. Armelle akapewa uji. Armelle alikonda mpaka watu wakamsema Concilie, mbona unanyonyesha mtoto wa wenzako, wako anakufa? Akaendelea kuninyonyesha. Armelle alikuja kupona kwa kupenda Mungu mwenyewe.

Mwaka wa kwanza, wiki ya pili, tulifundishwa gharama ya fursa: gharama ya kitu ni kile ulichokikosa ili ukipate. Nilipata A. Nilitoa mfano wa mkulima wa mahindi na maharage.

Nikamuuliza Bibi, kwa hiyo nyongeza ni kwa ajili ya hayo? Akasema hapana. Akafikiri sana. Akasema: mkono wangu ukimwona unakwenda wenyewe, sijawahi kuuambia. Sasa wewe umeuhesabu.

Ijumaa, 29 Agosti

Dokta kamuulizia tena namba saba. Nikamweleza yote. Kisha kasema kwa upole, tena si mtu mbaya: hiyo ni sura nzima ya nne, Mwanvua, lakini lazima mama huyo aridhie. Kanitumia fomu ya ridhaa. Nimeichapisha stendi. Tarehe tano iko wiki ijayo.

Bibi kaiona karatasi kitandani.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimekwenda Rusimbi. Fomu niliikunja nne, nikaitia kwenye pochi.

Bi Concilie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Shikamoo. Marahaba, kaa. Akanipa kigoda, akaendelea kutwanga. Nikamwomba mchi nimsaidie, akakataa, akasema mikono yangu ni ya kalamu. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akasema, kwa nini? Hujaniibia kitu.

Kisha akasimamisha mchi. Aliyosema yananiuma mpaka sasa. Kasema yeye siku zote alijua kila mtu anapewa vile. Alikuwa anawaambia hata wenzake kanisani, Bi Mwanvua ana mkono mkubwa, nendeni kwake. Kumbe ni yeye tu. Akaniuliza: kwa hiyo miaka yote hii alikuwa ananilipa?

Nikasema hapana. Akasema, kitu kikishapimwa na kuandikwa ni malipo. Mimi sikuuza, mwana wanje. Wewe sikukuuza.

Nikashindwa. Nililia kama mtoto, pale juu ya kigoda, mwanamke wa miaka ishirini na mbili. Hakunibembeleza. Akaniwekea ugali wa muhogo na maharage, akasimama mpaka nikamaliza. Maharage kayaunga kwa mawese ya mtu mwingine. Nimeyajua kwa ladha.

Wakati natoka akasema, nasikia una karatasi ya kutia dole. Honorata kamwambia, sijui kaisikia wapi, mji huu! Kama inakusaidia chuoni ilete, akasema, nitie, uende. Akanyoosha kidole gumba, kina rangi ya sombe.

Pochi sikuifungua. Nimerudi kwa miguu.

Bibi alinisubiri mlangoni. Kasema nini? Nikamwambia yote, hata lile neno, malipo. Akakaa chini pale pale kizingitini, polepole, huku kashika mlango. Akasema, mimi nimlipe Concilie? Kwa mafuta? Akalirudia mara nyingi.

Nimempaka dawa ya magoti, nimemlaza. Kabla sijazima taa kaniita somo. Ni mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

Jumapili, 31 Agosti

Asubuhi Bibi hakutoa madumu nje. Kaoga, kavaa kanga mpya ile ya doti aliyoiweka kwa ajili ya Maulidi. Akatafuta chupa ya maji iliyotupwa, akaisuuza, akaitikisa ikakauka. Twende Rusimbi, akasema. Nikamuuliza nichukue dumu gani tumpelekee. Akanijibu, nani kakwambia tunapeleka kitu?

Njiani tulipumzika mara mbili kwa sababu ya magoti. Watu wanatushangaa: Bi Mwanvua na chupa tupu, na kwake chini ya kitanda kuna madumu matatu yamejaa.

Bi Concilie alikuwa karudi kutoka kanisani, bado na gauni lake la kijani. Wakasalimiana kwa kirefu, habari ya nyumbani, habari ya magoti, Armelle kapiga simu? Kapiga, mtoto wake kaota jino. Mimi nilisimama kando kama mzigo wa mtu.

Kisha Bibi akanyoosha ile chupa.

“Concilie, nimeishiwa mafuta. Nigawie ya kuungia maharage.”

Bi Concilie akaitazama chupa, akamtazama Bibi.

“Wewe ndiyo umeishiwa mawese?”

“Nimeishiwa.”

“Na hela umebeba?”

“Sikubeba. Nimekuja kuomba.”

Kuku walipita katikati yao. Bibi mkono bado kaunyoosha. Maisha yangu yote sijawahi kumwona anaomba kitu kwa mtu. Hata Baba akituma hela humwambia asijisumbue.

Bi Concilie akaichukua. Akaingia ndani. Bibi akakaa kwenye kigoda kile kile nilichokalia nikilia jana, akatazama ukuta.

Nikadhani basi, hatoki. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Bibi njiani. Ndipo nikasikia naitwa, mimi, kwa ukali: wewe Mwanvua mdogo, njoo unishikie hii.

Jikoni kuna giza na moshi. Akanipa chupa niishike kwa mikono miwili, akaweka faneli, akachota kwa kikombe cha chai kutoka kwenye sufuria lake. Hayo ndiyo mafuta yake ya wiki, niliona jinsi kitako cha sufuria kinavyoanza kuonekana. Nikamwambia, Bi Concilie, yametosha. Akasema nimeitwa kushika, sikuitwa kusema. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta.

Nje Bibi akauliza, mbona mnachelewa humo?

Chupa ilikuwa imejaa hadi shingoni, vidole vyangu vimeloa mafuta. Akainama chini ya meza, anasogeza masufuria, akaniambia nisitoke, anatafuta chupa nyingine, ya nyongeza.