Ekisa Alinisindikiza Kupimwa

Jumapili, 1 Septemba 1996
Tangazo kanisani. Daktari wa kutoka Kisumu atakuja zahanati ya misheni Alhamisi — wanaume tu, miaka hamsini kwenda juu. Presha, sukari na tezi dume. Katekista alipotaja hiyo ya mwisho wanawake waliangalia chini. Wanaume waliangalia dirishani. Nyumbani mke wangu Zilpa hakunishauri lolote. Alisema tu shati langu la bluu ni safi, kama nitalihitaji Alhamisi.

Jumanne, 3 Septemba
Nilienda Matayos kumwona kaka yangu Oduori. Bado ana mpira wa mkojo, umefungwa pajani chini ya suruali. Amekonda. Tuliongea mambo ya mvua na mahindi. Nilipoinuka akanishika mkono. Mkojo ulianza kumsumbua zamani, anasema, akadhani ni uzee, kumbe ni tezi.
"Wewe nenda wakati bado huumwi."


Jumatano, 4 Septemba
Malori mengi sana mpakani Malaba leo. Nilimweleza Ekisa habari ya kupimwa — tumekaa meza moja miaka mingi, tukishughulikia karatasi za mizigo. Akacheka. Daktari anatumia kidole, anasema, shemeji yake alifanyiwa Tororo. Mimi sikujua! Nikasema basi siendi. Akasema atanisindikiza na yeye apimwe, tukiwa wawili aibu itapungua. Ekisa haugui hata mafua.

Alhamisi, 5 Septemba
Benchi ilijaa. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Katekista hakuonekana.
Presha sawa, sukari sawa. Kisha nyuma ya pazia. Lala ubavu, mzee, kunja magoti. Glavu, mafuta. Iliisha kabla sijamaliza kukasirika. Hakuna shida, rudi mwakani.
Ekisa aliingia akitania. Alikaa sana. Alitoka akifunga mshipi, hatanii tena. Tulipofika karibu na soko ndipo akasema: upande mmoja wa tezi ni mgumu. Aende Kisumu Alhamisi ijayo wakate kinyama kidogo, wakipime. Inaweza kuwa si kitu. Inaweza kuwa kansa, na kama ni hiyo, heri imeonekana mapema.
"Alupo asijue," akasema. "Akikuuliza, mwambie ni presha."
Alupo ni mke wake. Nilikubali. Sijui kwa nini nilikubali haraka hivyo.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimemwuliza Ekisa kama amepanga safari ya Kisumu. Akanijibu kwamba alikuwa mzima mpaka nilipompeleka kutafutiwa ugonjwa. Hakupaza sauti. Mchana alikula peke yake.

Alhamisi, 12 Septemba
Hakwenda. Alikuwa kazini kabla yangu.

Jumapili, 15 Septemba
Alupo amekuja baada ya ibada, peke yake. Zilpa akampa chai. Hakuigusa. Amempikia Ekisa bila chumvi tangu ile siku, anasema, kwa sababu ya presha. Ekisa anakula bila kulalamika — na hiyo ndiyo imemtia wasiwasi. Halafu jana alimpeleka kijana wao mkubwa Amukura kumwonyesha mipaka ya shamba. Kila jiwe.
Akanigeukia.
"Shemeji, hiyo ni presha gani?"
Zilpa naye akaniangalia. Hata yeye sikuwahi kumwambia. Nikasema naja, nichukue miwani. Miwani iko usoni.
Naandika hapa chumbani. Huko nje wananingoja. Nilimwahidi Ekisa. Lakini nikimwona Ekisa namwona Oduori na mpira wake, na Oduori hakupata mtu wa kumsemea mapema.
Nimevaa viatu. Nitamwambia Alupo twende wote kwao sasa hivi, mume wake aseme mwenyewe. Nitamngoja aseme. Asiposema, nitasema mimi, na yeye akiwa amekaa hapo hapo, anisikie.
Zilpa ananiita. Alupo ameshasimama mlangoni —